Siri ya wakili na mteja

Siri ya wakili na mteja ni kanuni ya sheria inayomkataza wakili kutoa nje mambo aliyoambiwa na mteja wake wakati wa kutafuta ushauri wa kisheria. Hata mahakama haiwezi kumlazimisha ayaseme, isipokuwa mteja mwenyewe ameridhia au mambo hayo yamo nje ya mipaka ya kanuni.

Lengo

Mtu mwenye kesi huwa na mambo anayoona aibu au hofu kuyataja: deni, ugomvi wa kifamilia, hati aliyotia saini bila kuisoma. Akiyaficha, huenda wakili wake akayasikia kwa mara ya kwanza mahakamani kutoka upande wa pili, na hapo atakosa la kujibu. Wahenga walisema, "Mficha uchi hazai." Kwa sababu hiyo sheria humhakikishia mteja kwamba ukweli aliomwambia wakili wake hautageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Historia

Kanuni hii ilikua nchini Uingereza. Kati ya kesi za kwanza zinazojulikana ni Berd dhidi ya Lovelace ya mwaka 1577, ambapo wakili aliyeitwa kutoa ushahidi aliondolewa wajibu huo kwa kuwa aliwahi kumtumikia mmoja wa wahusika. Awali siri ilihesabiwa kuwa heshima ya wakili. Baadaye ilitambuliwa kuwa haki ya mteja.

Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Swidler & Berlin, kwamba siri hiyo hudumu hata baada ya mteja kufariki.

Mipaka

Kinacholindwa ni mazungumzo, si mambo yenyewe: hati ya kiwanja haiwi siri kwa kukabidhiwa wakili. Pia hailindi ushauri unaotafutwa ili kutenda kosa la jinai au ulaghai, kama ilivyoamuliwa Uingereza mwaka 1884 katika kesi ya Cox na Railton.

Afrika Mashariki

Wakati wa ukoloni wa Uingereza, sheria ya ushahidi ya India ya mwaka 1872 ilitumika Kenya na Tanganyika. Ilimfunga wakili hata baada ya kazi yake kwa mteja kwisha, pamoja na makarani na wakalimani wake. Kenya ilipata sheria yake ya ushahidi mwaka 1963 na Tanzania mwaka 1967; zote mbili ziliihifadhi kanuni hiyo.