Kompyuta nzima, programu imeshaikimbia

Na Mwandishi Wetu

KOMPYUTA zilizotumika ni bidhaa ya kawaida mipakani. Anayerudi nyumbani kutoka Ulaya au Ghuba huja nayo begani, naye mfanyabiashara huzivusha kwa matumaini ya faida. Lakini siku hizi kompyuta inaweza kuwaka vizuri, kioo kikiwa safi, kumbe imeshaachwa nyuma.

Chanzo ni programu, ambazo toleo jipya mara nyingi hudai nafasi kubwa kuliko lililotangulia. Windows 95 ilitosheka na kumbukumbu ya megabaiti 4. Windows XP ya mwaka 2001 ikataka 64. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inataka gigabaiti 4, yaani zaidi ya mara 1,000 ya ile ya mwaka 1995. Ankara anayoiandika mwenye duka, hata hivyo, ni ileile.

Mtaalamu wa Uswisi, Niklaus Wirth, aliyebuni lugha ya kompyuta ya Pascal, alionya mwaka 1995 kwamba programu zinazidi kuwa nzito upesi kuliko mashine zinavyoongezeka kasi. Mtengenezaji akishapata mashine yenye nguvu, haoni tena sababu ya kubana matumizi.

Windows 11 imeongeza masharti mengine: kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa mpya. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazimo. Nayo Windows 10 iliachwa na Microsoft Oktoba 14, 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya muda. Mashine haikuzimika siku hiyo, ila mianya ya wezi wa mtandaoni haizibwi tena. Kwa anayetuma fedha kwa kompyuta, hilo si jambo dogo.

Kabla ya kulipa, tazama namba ya prosesa ndani ya mashine yenyewe, kwani stika hubandikwa na yeyote. Kwa prosesa za Intel, i5-7200U ni ya kizazi cha saba, nayo haikubaliki. I5-8250U ni ya nane, inakubalika. Usidanganywe na jina la i7: i7 ya kizazi cha nne ni kuukuu kuliko i3 ya kizazi cha nane.

Muuzaji akisema Windows 11 imeshawekwa, bado kagua. Inawezekana kuilazimisha katika mashine isiyostahili, lakini Microsoft haiihakikishii mashine hiyo marekebisho ya usalama. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Aliyenayo tayari asiitupe. Linux Mint na Lubuntu hupatikana bure, na LibreOffice hufungua nyaraka za Word na Excel. Ijaribu kwanza kwa flashi bila kufuta kitu, kwani baadhi ya programu za hesabu za Windows hazifanyi kazi humo.

Kwa anayenunua ili auze, kizazi cha saba na cha nane visilipiwe bei moja.