Nywele Zinaponyonyoka Baada ya Msiba

Kunyonyoka kwa nywele ni dalili yenye vyanzo vingi, na ndiyo maana hakuna dawa moja inayowafaa wote wanaolalamika kwamba vichwa vyao vinapungukiwa na nywele. Aina moja humpata mtu baada ya kuugua, kujifungua au kufiwa, nayo kwa kawaida hupona yenyewe baada ya miezi kadhaa; aina nyingine hutokana na misuko inayobana, ambayo huzuilika kwa urahisi ikigunduliwa mapema lakini huacha upara wa kudumu ikipuuzwa kwa miaka; na nyingine tena hurithiwa au huletwa na maradhi ya ngozi ya kichwa yanayohitaji tabibu. Kazi ya kwanza ya anayetaka kuzihifadhi nywele zake kwa njia za asili, kwa hiyo, ni kutambua aina iliyompata kabla ya kwenda kutafuta mafuta, kwa kuwa subira inayomponya mmoja ndiyo inayompotezea mwingine nafasi ya kupona.

Kila unywele huota kutoka katika kinyweleo, yaani kifuko kidogo kilichozama ndani ya ngozi na kulishwa na mishipa midogo ya damu. Kichwa cha mtu mzima huwa na nywele zipatazo 100,000, na kila kinyweleo hufuata mzunguko wake wa awamu tatu bila kungojana na vingine. Awamu ya kwanza ni ya ukuaji, ambayo wataalamu huiita anajeni, nayo huchukua miaka 2 hadi 6, unywele ukirefuka kwa takribani sentimita 1 kwa mwezi, ingawa nywele za Kiafrika hukua polepole zaidi kidogo. Awamu ya pili, katajeni, ni ya mpito wa wiki mbili au tatu, na ya tatu, telojeni, ni ya mapumziko ya miezi mitatu hivi, ambayo mwisho wake unywele wa zamani hudondoka na mpya kuchipua mahali pale pale. Kwa kuwa wakati wowote zaidi ya asilimia 80 ya nywele huwa katika ukuaji na zilizosalia karibu zote huwa mapumzikoni, kudondoka kwa nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Mwanamke anayefumua rasta alizokaa nazo mwezi mzima hana sababu ya kutishika akiona fungu kubwa la nywele mkononi, maana nyingi kati ya hizo zilikwisha kudondoka siku baada ya siku, zikabaki zimeshikiliwa na msuko.

Mwaka 1961 daktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, alieleza hali aliyoiita telojeni efluviamu, yaani mdondoko wa nywele zilizo mapumzikoni. Mwili unapopata mshtuko mkubwa, kama vile homa kali, upasuaji, uzazi, kukonda kwa ghafla au huzuni nzito, vinyweleo vingi huacha kukua kwa wakati mmoja na kuingia mapumzikoni pamoja, na kwa kuwa mapumziko hayo huchukua takribani miezi mitatu, nywele hazidondoki siku ya mshtuko bali miezi miwili au mitatu baadaye. Namna msongo wa mawazo unavyokifikia kinyweleo imeanza kueleweka vyema zaidi tangu mwaka 2021, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipoonyesha, kwa kuwachunguza panya, kwamba homoni ya msongo huzizuia seli zilizo chini ya kinyweleo kutoa kichocheo kinachoziamsha seli mama, hivyo kinyweleo kikakaa mapumzikoni kwa muda mrefu kuliko kawaida. Matokeo ya panya hayahamishiwi kwa binadamu moja kwa moja, lakini yanatoa njia ya kimwili ya kueleza jambo ambalo matabibu wameliona kwa miongo mingi.

Ucheleweshaji huo wa miezi miwili au mitatu una uzito wa pekee katika jamii za Afrika Mashariki, ambako faraja ya wafiwa imepangwa kwa siku. Ndugu na majirani hukusanyika, hulala matangani, hupika na kuomba dua kwa siku chache, kisha matanga huanuliwa, na kwa wengi kisomo au ibada ya arobaini huwa ndiyo mara ya mwisho kwa watu wengi kukaa pamoja na mfiwa. Nywele huanza kudondoka baada ya hapo, wakati nyumba imekwisha kuwa kimya na kila mtu amerudi kwenye shughuli zake, na kwa mjane wa Kiislamu huweza kuanza hata kabla hajamaliza eda yake ya miezi minne na siku kumi. Kwa kuwa tukio na dalili yake vimeachana kwa kipindi kirefu namna hiyo, mfiwa huyatilia shaka maji ya bomba, mafuta mapya, au kijicho cha mtu, na hofu ya kupata upara huongezwa juu ya majonzi aliyokuwa nayo. Ukweli ni kwamba katika hali hii vinyweleo havijafa: mdondoko kwa kawaida hupungua ndani ya miezi sita, nywele fupi mpya huonekana zikichomoza kwenye paji, na ujazo wa zamani hurejea taratibu, pengine baada ya mwaka mmoja au zaidi. Mdondoko ukizidi miezi sita, kuna haja ya kupima damu ili kuona kama kuna upungufu wa madini ya chuma au hitilafu ya thairoidi, yaani lile tezi la shingoni linaloratibu kasi ya shughuli za mwili.

Aina nyingine hazifuati kalenda hiyo. Upara wa kurithi humjia mwanamume polepole kuanzia kwenye pembe za paji na utosini, na mwanamke kwa kupanuka kwa njia ya katikati ya kichwa. Mwaka 1942 mwanaanatomia wa Marekani, James Hamilton, alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara huo mpaka walipopewa testosteroni, na hivyo akathibitisha kwamba urithi hufanya kazi kwa kushirikiana na homoni za kiume. Mabaka ya mviringo yaliyo laini na yasiyo na nywele, yanayotokea ghafla, mara nyingi ni alopesia areata, ambapo kinga ya mwili huvishambulia vinyweleo vyake yenyewe, ilhali kwa mtoto baka lenye magamba na nywele zilizokatika karibu na ngozi mara nyingi ni mapunye, maambukizi ya fangasi ambayo huhitaji dawa ya kumeza kwa sababu ya kupaka haifiki ndani ya kinyweleo. Wanawake wenye asili ya Kiafrika hupata pia upara unaoanzia utosini na kutanuka ukiacha makovu, na mwaka 2019 utafiti wa kimataifa ulioshirikisha Afrika Kusini ulibaini kwamba baadhi yao wana mabadiliko katika jeni iitwayo PADI3, inayohusika na uundaji wa unywele, hivyo si haki kuilaumu saluni peke yake.

Hata hivyo, aina ambayo kinga yake iko mikononi mwa watu wenyewe ni upara wa kuvutwa, yaani ule unaoletwa na mvuto wa muda mrefu kwenye mizizi ya nywele. Hali hii ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907 kwa wanawake wa Greenland waliokuwa wakizifunga nywele zao kwa kuzikaza nyuma, jambo linaloonyesha kwamba si ugonjwa wa kabila fulani bali ni matokeo ya nguvu inayotumika juu ya ngozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Nonhlanhla Khumalo na wenzake mjini Cape Town ulikuta dalili zake kwa takribani theluthi moja ya wanawake waliochunguzwa. Huanza kwa maumivu, vipele vidogo kuzunguka mizizi na kupungua kwa nywele za ukingoni, hasa juu ya masikio na kwenye paji, na katika hatua hiyo ukiondolewa mvuto nywele hurudi. Mvuto ukiendelea kwa miaka, kinyweleo huzibwa na kovu, na hakuna mafuta wala majani yatakayokifufua.

Kinga yake haihitaji gharama. Msuko unaomlazimu mtu kumeza panadol ili apate usingizi umekazwa kupita kiasi na unapaswa kufumuliwa siku hiyo hiyo, badala ya kuvumiliwa mpaka ulegee wenyewe. Rasta nyembamba, ndefu na nzito huvuta zaidi kuliko nene na fupi, na nywele zilizotoka kutiwa dawa ya kulainisha hazistahimili mvuto kama nywele za asili, hivyo kusuka mara tu baada ya kutia dawa ni kuunganisha madhara mawili. Ni busara pia kutokaa na msuko mmoja zaidi ya wiki 6 hadi 8, kukipumzisha kichwa kabla ya kusuka tena, kutoanzia msuko kwenye nywele laini za pajini, na kumzoesha msusi kuelewa kwamba mteja anayesema “usinibane” hafanyi mzaha. Wasichana wadogo wanahitaji uangalizi zaidi, kwa kuwa madhara hujilimbikiza kuanzia utotoni.

Chakula ndicho msingi wa pili wa kinga ya asili. Unywele umeundwa kwa protini iitwayo keratini, na uhusiano huo huonekana kwa ukali wake wote katika kwashakoo, utapiamlo wa watoto ambamo nywele huwa nyepesi, hupauka na kung’oka bila maumivu. Kwa mtu mzima upungufu unaotiliwa mkazo zaidi ni wa madini ya chuma, hasa kwa wanawake wenye hedhi nzito na waliozaa kwa kufuatana, na katika maeneo yenye minyoo ya safura chanzo huwa ni mdudu anayenyonya damu tumboni, si uhaba wa mboga sahanini. Maini, nyama, dagaa, maharage, choroko na mboga za majani huleta madini hayo. Limau, chungwa au ukwaju huusaidia mwili kuyafyonza yale yanayotoka kwenye mimea, na chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia ufyonzaji huo, kwa hiyo ni vyema ikasogezwa mbele kwa saa moja au mbili. Vidonge vya bayotini vinavyouzwa kwa ajili ya nywele havijathibitishwa kumsaidia asiye na upungufu wa vitamini hiyo, na huweza kuvuruga majibu ya baadhi ya vipimo vya damu, vikiwamo vya moyo na thairoidi, ilhali vitamini A na seleniamu zikizidi mwilini huzinyonyoa nywele zenyewe.

Kuhusu mafuta, ni lazima kutofautisha kuulinda unywele uliokwisha kuota na kukiotesha kinyweleo. Mafuta ya nazi yana sifa inayostahili: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba hupenya ndani ya unywele na kupunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, kuliko ya alizeti, hivyo hupunguza ukatikaji. Hayaoteshi nywele mpya, na mafuta ya nyonyo, licha ya umaarufu wake, hayana ushahidi madhubuti wa kufanya hivyo. Mjini Aberdeen, Uskochi, mwaka 1998, mchanganyiko wa mafuta ya mimea minne, ikiwamo rozmari na lavenda, uliwaletea nafuu asilimia 44 ya wagonjwa wa alopesia areata, ikilinganishwa na asilimia 15 ya waliopakwa mafuta ya kawaida. Maji ya kitunguu yalijaribiwa Baghdad mwaka 2002 kwa ugonjwa huo huo na kutoa matokeo ya kutia moyo, lakini kwa watu wachache mno kuweza kuwa hoja ya mwisho, na ugonjwa wenyewe huweza kupona bila dawa. Hakuna lolote kati ya hayo linalofufua kinyweleo kilichokwisha kuwa kovu.

Inabaki huzuni yenyewe, ambayo haitibiwi kwa kupaka. Hatua tano za majonzi zilizoenea katika vitabu vya ushauri zilitokana na kazi ya Elisabeth Kübler-Ross ya mwaka 1969 juu ya wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa, si juu ya wafiwa, hivyo hakuna sababu ya mfiwa kujiona ana kasoro kwa kutozipitia kwa mpangilio. Maelezo yanayomfaa zaidi yalitolewa mwaka 1999 na Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi, waliosema kwamba mfiwa hupona kwa kwenda na kurudi kati ya kazi mbili: kulia na kumkumbuka aliyeondoka, na kushughulikia maisha yaliyobadilika, yakiwamo ada za watoto, shamba na mirathi. Anayejizuia kulia kabisa na anayejizuia kuishi kabisa wote wawili hukwama. Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa magonjwa ulioanza kutumika Januari 2022, limetambua pia majonzi ya muda mrefu kuwa maradhi, pale ambapo yamepita miezi sita, yamezidi desturi ya jamii husika, na yanamzuia mtu kuendesha maisha yake ya kila siku. Mtu huyo anastahili mshauri au daktari, na kumwambia ajikaze hakumsaidii.

Anayeona nywele zake zikidondoka kwa wingi kutoka kichwa kizima na ahesabu miezi mitatu kurudi nyuma, na akikuta hapo homa, uzazi au msiba, na ale vizuri, alegeze misuko na avute subira. Anayeona ukingo ukirudi nyuma, baka likitokea, au utosi ukiwaka moto na kung’aa, asisubiri, bali aende kwa daktari wa ngozi mapema. Na jamaa za wafiwa, ambao hujitoa kwa moyo katika siku za matanga, wanaombwa wapange kurudi tena mwezi wa tatu, kwa maana wakati huo ndipo mwili wa mfiwa huanza kuonyesha ulichokipitia.