C Ilivyoingia Ndani ya Chipu Ndogo

Chipu ya PIC16F84 ina baiti 68 tu za kumbukumbu ya kazi, na programu yake nzima haiwezi kuzidi maagizo 1,024. Kwa miaka mingi chipu za namna hiyo ziliandikiwa programu kwa asembli, agizo moja moja. Walioshikilia asembli hawakuwa wakaidi. Katika PIC hiyo karibu kila hesabu hupitia rejista moja, iitwayo W, na kompaila ya C haina pa kujinyoosha.

Mageuzi yalitoka Norway. Wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi cha Trondheim, Alf-Egil Bogen na Vegard Wollan, walibuni chipu ambayo kampuni ya Atmel ya Marekani iliichukua na kuiingiza sokoni katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kwa jina la AVR. Kabla chipu haijakamilika, waliitwa watengenezaji wa kompaila, IAR Systems ya Sweden, waseme ni wapi C ingekwama. Seti ya maagizo ikarekebishwa. AVR ikatoka na rejista 32, na sita kati yake huungana jozi tatu za kushikilia anwani za kumbukumbu, kazi ambayo C huihitaji kila mara.

Uamuzi huo wa kumsikiliza mtu wa kompaila mapema unastahili sifa kuliko unavyopewa.

Faida yake inaonekana ukiifungua programu. Kujumlisha namba mbili za biti 16 kwa asembli ya AVR kunahitaji maagizo mawili: add kwa baiti za chini, kisha adc kwa baiti za juu pamoja na kile kilichobebwa. Kwa C unaandika jumla = a + b, na namba zikiwa tayari kwenye rejista, kompaila hutoa maagizo hayohayo mawili. Kuwasha pini kwa PORTB |= (1 << 5) nako huishia kwenye agizo moja, sbi, mradi uboreshaji wa kompaila umewashwa.

Mitego ipo. Aliyetoka asembli huandika kitanzi kitupu ili kuchelewesha taa. Kompaila huona hakina kazi na kukifuta, taa ikapepesa kwa kasi hata jicho likadhani inawaka mfululizo. Dawa yake ni _delay_ms, au neno volatile.

Mtego mwingine ni mbaya zaidi kwa sababu hujitokeza mara chache. Tuseme mkatizo unaongeza kihesabio cha biti 16, nacho kimefika 255. Programu kuu inasoma baiti ya chini, 255. Papo hapo mkatizo unaingia na kihesabio kinakuwa 256. Programu inarudi kusoma baiti ya juu, ambayo sasa ni 1, na kupata 511. Katika C huo ni mstari mmoja usio na kosa lolote machoni. Aliyepitia asembli hulibaini mapema, akazuia mikatizo kwa muda anaposoma.

Kwa ATmega328P ya Arduino Uno, yenye kilobaiti 32 za programu na baiti 2,048 za kumbukumbu ya kazi, hakuna sababu ya kuandika programu nzima kwa asembli. Andika kwa C. Ila siku chipu itakapofanya usichokiagiza, endesha avr-objdump -d usome kompaila iliandika nini hasa.