Kazi Moja, Uzee Mbili

Wewe mwenye shamba katika skimu, huenda una kijana afanyaye kazi Nairobi, naye hajaleta kitu nyumbani tangu mavuno yaliyopita. Wazee wengi husema, "Mimi kwa umri wake nilikuwa nimekwisha simama." Kabla hujasema hivyo, tafadhali fikiri habari hizi.

Siku ukienda kumtazama, panda basi la Barabara ya Ngong, ushuke Adams Arcade. Maduka hayo yalijengwa miaka ya 1950, na mpaka leo yanaitwa kwa jina la Bwana Abdul Habib Adam aliyeyajenga. Asubuhi na mapema utaona wazee kwa vijana wakishuka pamoja: walimu, makarani, walinzi, wauza maduka, na wengine wakielekea soko la Toi kufungua marobota ya mitumba. Wote wanakwenda kazini, lakini hali zao za uzeeni hazitalingana hata kidogo.

Chukua mfano wa walimu wawili wa Serikali katika shule moja. Tarehe 1 Januari 2021 mmoja alikuwa na miaka 46, mwenzake 36. Yule wa kwanza aliruhusiwa kubaki katika mpango wa zamani, ambao pensheni hutoka katika Hazina ya Serikali, bila yeye kukatwa mshahara kwa ajili ya pensheni yake. Yule wa pili hakuulizwa. Kila aliyekuwa chini ya miaka 45 siku ile aliingizwa katika mfuko mpya. Alikatwa 2% mwaka wa kwanza, 5% mwaka wa pili, na 7.5% tangu mwaka wa tatu. Kwa mshahara wa shilingi 40,000, hizo ni shilingi 3,000 kila mwezi. Serikali humwekea 15%, na fedha huwekwa kwa jina lake. Si hasara tupu. Lakini shilingi 3,000 hizo ndizo ulizokuwa ukizingojea wewe kununua mbolea.

Tena mwaka 2009 umri wa kustaafu kwa watumishi wa Serikali uliongezwa kutoka miaka 55 hadi 60. Waliokuwa kazini walipata miaka mitano zaidi ya mshahara. Waliokuwa wametoka shule wakingoja nafasi hizo, waliendelea kungoja.

Na hao walimu wana bahati. Kijana anayebeba mizigo dukani hulipwa jioni, na kesho huanza upya kama mgeni. Hapa sheria yafaa kujulikana. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, ahesabiwe kuwa mfanyakazi wa mshahara wa mwezi. Matajiri wengine huwasimamisha vibarua siku chache kabla ya mwezi kutimia, kisha huwaita tena. Kijana asiyejua sheria hudhani ndiyo desturi ya mji.

Nawe mzee, kumbuka ulivyoanza, au alivyoanza baba yako. Skimu za Eka Milioni Moja zilipofunguliwa mwaka 1962, mtu alipewa shamba kwa mkopo wa miaka 30. Shamba lile halikuongezeka, na wana ni wengi. Kijana hakupewa mkopo wa namna ile, wala kazi ya kudumu kama ya ami yake karani.

Basi akija nyumbani, usianze kwa kumwuliza ameleta nini. Mwulize ameandikwa kwa mwezi au kwa siku. Mwulize kama tajiri wake anapeleka fedha N.S.S.F.; tangu Februari 2023 mfanyakazi hukatwa 6%, na tajiri hutoa kiasi hicho hicho. Asiyekuwa na hakika aende mwenyewe N.S.S.F. na kitambulisho chake, aulize kilichowekwa. Akiona hakuna kitu, aende Ofisi ya Kazi, achukue na mtu aliyefanya kazi naye awe shahidi.