Sura ya Saba: Sindano na Sikio

Jentamisini huokoa maisha. Mtoto mchanga mwenye maambukizi ya damu, awe Kibombo au mjini Kindu, nchini Kongo, hudungwa dawa hiyo pamoja na ampisilini, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Basi sura hii haimtishi mgonjwa aikimbie. Inaeleza jinsi ya kupona bila kupoteza sikio.

Jentamisini ni ya ukoo wa aminoglikosidi, pamoja na streptomisini, kanamisini na amikasini. Ndani kabisa ya kila sikio mna takriban seli 15,000 zenye vinyweleo vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara ya neva. Dawa huingia katika seli hizo kupitia vitundu vinavyofunguka vinyweleo vikitikisika, hujikusanya humo na kuziua. Kwa binadamu, seli hizo zikifa hazioti tena.

Zinazotangulia kufa ni za sauti nyembamba. Mgonjwa huacha kusikia nyenje wa usiku huku mazungumzo akiyapata vizuri, kwa hiyo halalamiki. Siku maneno “fika” na “shika” yanapomchanganya, seli nyingi zimekwisha kufa.

Kongo inalijua hili. Utafiti wa nchi 9 za Afrika, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikiwemo, uliochapishwa 2018, uliwafuata wagonjwa 1,006 wa kifua kikuu sugu waliotibiwa kwa kanamisini na dawa nyingine. Asilimia 81.6 walifanikiwa katika matibabu, lakini asilimia 11.4 walikuwa wamepungukiwa vibaya na usikivu baada ya miezi 4. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliacha kupendekeza kanamisini kwa ugonjwa huo, na bedakwilini, dawa ya kumeza, ikapewa kipaumbele. Kinga ya hakika kuliko zote ni kubadili dawa pale inapowezekana.

Isipowezekana, dozi ifuate uzito na siku ziwe chache. Figo zichunguzwe, maana ndizo zinazoitoa dawa mwilini, na furosemidi, dawa ya kukojoza inayozidisha hatari hiyo, isiongezwe bila ulazima. Usikivu upimwe kabla ya sindano ya kwanza na katikati ya tiba. Pasipo na kifaa, muuguzi aulize kila siku: “Mama, masikio yanavuma? Unapata kizunguzungu?” Aulize pia kama kuna ndugu wa upande wa mama aliyepata uziwi baada ya sindano, kwani udhaifu wa sikio mbele ya dawa hizi huweza kurithiwa kwa mama.

Nawe msomaji, usidungwe jentamisini ya dukani kwa homa ambayo haijapimwa. Na ukiwa kwenye tiba, masikio yakianza kuvuma, sema siku hiyohiyo.