Soksi nyeupe ziliniumbua Udzungwa!

Basi bwana, msomaji wangu, siku ile nilivyopendeza hata mwenyewe nilijikubali. Kaptura ya kaki, fulana nyeusi, buti la mtumba nililolisugua mpaka likang'aa, na soksi nene nyeupe za pamba nimezivuta hadi chini ya magoti. Washikaji niliopanda nao basi la Ifakara wakanipa tano. Nikajiona mtalii kamili.

Safari ilikuwa ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ile iliyoanzishwa mwaka 1992. Kule usitegemee kukaa ndani ya Landrover unapiga picha dirishani. Ni hifadhi ya kutembea kwa miguu. Tulitaka kuyaona maporomoko ya Sanje, ambayo maji yake yanashuka kiasi cha mita 170. Sasa Bonde la Kilombero lina joto lake, na ukiingia msituni unyevu unakukumbatia. Njia yenyewe inapanda tu. Saa moja haijaisha, soksi zangu zimelowa chapachapa kama zimetoka kwenye beseni.

Kisigino kikaanza kuwaka. Nikajikaza kisabuni, maana msafarani kulikuwa na dada mmoja ambaye sikutaka anione nalialia, si unajua tena. Nilipokuja kuvua buti, yalaa! Malengelenge mawili, moja limeshapasuka. Wenzangu wakaendelea hadi juu, mimi nikarudishwa chini nachechemea na mmoja wa waongozaji wetu wawili. Kidonda kikatunga usaha. Siku 10 sikuweza kusimama dukani ninakofanya kazi, na mwisho wa mwezi nikalipwa siku nilizofika tu.

Yule dada alishuka mlimani anacheka, miguu mikavu. Alivaa visoksi vyembamba vya kijivu ambavyo asubuhi nilivicheka. Akaniambia: "Kaka, pamba ni nzuri kwa shuka."

Pamba msaliti

Siri yenyewe ni hii. Pamba inakunywa jasho halafu inakaa nalo. Ngozi iliyolowa inalainika, kiatu kinaisugua, na lengelenge hilo! Soksi ikiwa nene ndiyo balaa zaidi, kwani inaongeza joto na inachelewa kukauka.

Kwa matembezi ya juani tafuta soksi nyembamba za naylon au polyester zenye lastiki kidogo. Zinakauka upesi. Ukipata za sufi ya kondoo wa merino iliyochanganywa na naylon, umelamba dume. Najua umeshtuka: sufi kwenye joto? Ndiyo, sufi hii ni laini na nyembamba, inapitisha mvuke wa jasho na haiwahi kunuka. Ubaya wake ni bei. Ila usikimbilie zile za kuvalia suti. Chagua iliyo nyembamba juu ya mguu, lakini yenye unene kidogo kwenye kisigino na vidoleni.

Usinunue kwa macho

Soma lebo. Ikisema pamba asilimia 80, mrudishie mwenyewe. Igeuze nje ndani upitishe kidole kwenye mshono wa vidoleni. Ukikukwaruza dukani, mlimani utakuchuna. Kisigino cha soksi kikae sawasawa na chako, maana soksi kubwa inajikunja. Urefu wake upite ukingo wa kiatu. Msituni vaa ndefu zaidi, uchomeke suruali ndani. Siafu na upupu havina utani.

Halafu ijaribu na kiatu chenyewe, tena jioni miguu ikiwa imevimba kidogo. Buti ulilonunulia soksi nene litapwaya ukivaa nyembamba, mguu utacheza na malengelenge yatakuwa yale yale. Zunguka nazo mtaani kwanza.

Beba pea mbili. Katikati ya safari badilisha, iliyolowa itundike kwenye begi ikauke. Na kisigino kikianza kuwaka, simama pale pale ubandike plasta. Usione haya kama mimi! Mwenye kisukari ndiyo kabisa asipuuze, maana kidonda cha mguuni kwake si jambo dogo.

Mwaka uliofuata nilirudi Sanje na visoksi vyangu vya kijivu. Nilifika juu, nikayaona mashamba ya miwa yametandazwa chini kama mkeka, nikavua viatu. Hakuna hata alama.

Yule dada je? Ah, hiyo ni habari ya wiki nyingine!