Mpaka Mmoja, Mistari Miwili

Tanzania ina mikoa 31, na faili la ramani kwa kawaida huhifadhi kila mkoa kama umbo lililofungwa pande zote. Mkoa wa Dodoma una mzunguko wake, na Singida una wake. Kwa hiyo mpaka unaoitenga mikoa hiyo umo ndani ya faili mara mbili, na programu huuchora mara mbili.

Mstari ukiwa mzima na mweusi, hutagundua. Ukitaka mstari wa vipande, vipande vya Singida huangukia kwenye mapengo ya Dodoma, mstari ukaonekana mzima. Ukiufifisha kwa alpha, mipaka ya ndani hukolea kuliko pwani, ambayo imechorwa mara moja tu.

Katika GeoPandas, dawa ni kutenganisha rangi na mistari. Jaza maumbo kwanza kwa edgecolor="none". Kisha boundary.union_all() huunganisha mistari inayolingana ikabaki mmoja. Uutie ndani ya GeoSeries na kuuchora juu kwa zorder kubwa zaidi. Hili hufaulu iwapo nukta za mikoa jirani zinakutana barabara; zisipokutana, safisha faili kwanza.

Baada ya hapo panga ngazi. Kama faili lako ni la wilaya, dissolve itakupa mikoa, kisha nchi. Linewidth ya 0.3 kwa wilaya, 0.8 kwa mkoa na 1.6 kwa taifa hutosha msomaji kutofautisha bila maelezo. Vipimo hivyo ni pointi, 72 kwa inchi, kwa hiyo weka figsize sawa na ukubwa wa kuchapisha. Mchoro wa inchi 12 ukibanwa hadi inchi 4, mstari wa wilaya hubaki na pointi 0.1, nao hupotea kwenye karatasi.

Mpaka wa Ziwa Nyasa haufai kuingizwa kwenye ngazi hizo. Malawi hushikilia mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa 1890, uliopitisha mpaka ufukweni upande wa Tanzania. Tanzania husema mpaka uko katikati ya ziwa. Faili ulilopakua limekwisha kuchagua upande, hata kama hukuliuliza. Utoe mstari huo, uweke mistari yote miwili inayodaiwa katika tabaka la peke yake kwa linestyle=(0, (4, 2)), na ufunguo wa ramani uitaje nchi inayodai kila mmoja.